Siku Mfumo Ulipokataa Kufunguka, na Dada Achola Aliyepakia Dawa

Mgeni rasmi, Mama Wilhelmina Shimba, Mwenyekiti wa Bodi ya Bohari ya Zahanati za Ziwa. Meneja wetu, Bwana Alexander Chenge. Waganga na wauguzi mliovuka maji na mliokuja kwa barabara. Wazee wetu wa makanisa. Ndugu wafanyakazi wenzetu. Wakubwa wetu, shikamooni.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Nyakato. Tumekungoja kwa hamu, na hatutakuficha, kwa wasiwasi pia. Tangu juzi tunapanga viti na kuvipangua. Mwenzetu mmoja amefuta kioo cha kompyuta utakayoibonyeza leo mpaka tumemwondoa pale kwa mkono. Kila gari lililopiga honi barabarani tangu asubuhi tulidhani ni lako.

Umekuja kuzindua toleo jipya la mfumo wetu wa kazi, na tunafurahi. Lakini risala hii ni ndefu kuliko zile ulizozoea kusomewa. Risala nyingi huomba gari, uzio na tenki la maji. Yetu ina ombi moja kubwa, na ombi lenyewe ni mtu.

Jana tulimpelekea Meneja karatasi hizi azipitie, kama ilivyo desturi. Alisoma amesimama, akarudia ukurasa wa pili, akavua miwani.

"Mnajua mnaniweka wapi?" akatuuliza.

"Tunajua, bosi."

Akaturudishia. "Basi msome polepole. Spika zetu zinakoroma."

Angeweza kukata mistari, hakukata hata mmoja. Tunamshukuru mbele yako.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, unaijua bohari hii kuliko sisi, kwa kuwa ulikuwepo tangu ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Tunasema kwa ajili ya wageni. Zahanati za makanisa za kando ya ziwa, kuanzia Magu mpaka Sengerema na visiwani Ukerewe, ziliona kwamba kila moja ikinunua dawa kivyake, zote zitakonda. Zikaungana. Bohari ikawa inapokea dawa na kuzigawa.

Miaka ile maombi ya dawa yalikuja kwa mdomo wa kondakta wa boti. Kondakta anafika mlangoni, anasema, "Sista kasema mumpe zile za njano." Zile za njano zipi? Kondakta hajui. Wazee wa ghala wakawa wanakisia kwa kuangalia kama ni msimu wa mvua au wa kiangazi. Dawa nyingine zilifika kusikohitajika zikaharibikia kabatini, huku kwingine wagonjwa wakirudishwa nyumbani na pole.

Ndipo Bodi ikaleta mfumo. Manunuzi, mapokezi, hesabu ya ghala, hati za kutolea dawa na safari za gari, vyote vikaingia sehemu moja. Na ikawekwa kanuni, nayo imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: dawa haitoki bila hati ya mfumo. Kanuni hiyo ni nzuri. Tunaomba hilo likumbukwe katika yote tutakayosema.

Mtu wa kwanza kuupenda mfumo hapa kwetu alikuwa mtunza ghala, Dada Achola Otuoma. Alitoka Rorya akiwa msichana, akaanza hapa kwa kufagia, akasoma jioni, akapanda. Mwanzoni aliuogopa mfumo kama wengi wetu. Hakuuita kwa jina, aliuita "yule". Asubuhi akiingia anauliza, "Yule ameamka?" Baadaye hofu ikaisha, jina likabaki. Wafanyakazi wapya aliwafundisha yeye, akisimama nyuma ya kiti, mkono mmoja begani mwa mtu, akisema, "Soma kwanza. Usibonyeze kabla hujasoma."

MAFANIKIO

Tangu mfumo uingie, dawa zinazoisha muda zikiwa rafuni zimepungua mpaka tanuri la kuchomea taka sasa mara nyingi limelala. Zahanati ya kisiwani inaona kwa simu kilichopo na kisichopo. Muuguzi hapandi boti kuja kuuliza. Madereva wanajua safari zao tangu jana yake, na wake zao wametushukuru kwa hilo. Tungeweza kuendelea, lakini Mgeni rasmi, mafanikio haya unayo kwenye taarifa ya Meneja, na roho zetu haziko hapo leo. Tuvumilie tuingie kwenye changamoto.

CHANGAMOTO

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, nchi nzima inajua. Kwetu usafi si kazi ya adhabu. Tunakuja na kandambili na redio, tunafyeka, tunazibua mitaro, tunamwagia mawe chokaa. Mwezi ule wa mvua tangazo la ofisi lilisema usafi usiishie nje, uingie ofisini, uingie mpaka ndani ya kompyuta, maana zilikuwa nzito na zimejaa vitu visivyotumika. Lilikuwa tangazo la nia njema. Tulilipokea kwa makofi.

Basi tukaingia. Tulipofika chumba cha kutolea dawa, Dada Achola alikuwa kwenye kiti chake, nasi nyuma yake na mafagio mikononi. Kulikuwa na programu ya zamani ya kuchapia lebo, ambayo hatukuitumia tena tangu mashine yake ya kuchapia ilipokufa. Achola akaamuru iondolewe. Mashine ikauliza swali. Ilisema kwamba ndani ya programu hiyo kuna sehemu ambayo huenda inatumiwa na programu nyingine, je, nayo iondolewe?

Achola alisoma. Mkono wake ulisimama. Akageuka, "Jamani, inasema huenda inatumika kwingine."

"Kwingine wapi, na mashine yenyewe imekufa?" akasema dereva wetu Obedi, aliyeegemea fagio. "Ondoa, dada. Usiwe kama bibi yangu anayetunza makopo ya rangi, eti iko siku."

Tukacheka wote. Tukasema, "Ondoa! Usafi ni usafi!" Achola akaondoa. Tukahamia mashine ya pili, na ya tatu, tukijibu swali lile lile kwa haraka zaidi. Chumba cha mapokezi hatukukisafisha, kwa kuwa mwenye ufunguo alikuwa msibani Magu.

Jumatatu asubuhi Achola akauliza, "Yule ameamka?" Hakuwa ameamka. Kioo kilitoa kisanduku kidogo cheupe chenye maneno: programu haiwezi kuanza kwa sababu sehemu inayohitajika haipo. Chini yake kitufe kimoja, Sawa. Ukikibonyeza, kisanduku kinaondoka na mfumo unaondoka nacho.

Tulifanya anachofanya kila mtu. Tulizima tukawasha. Tulichomoa nyaya tukachomeka. Mtu mmoja alisali. Kisha tukapiga simu Dar es Salaam kwa kampuni iliyotuuzia mfumo, tukapewa binti wa msaada anayeitwa Princess. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeandika huku anasikiliza.

"Mmebadilisha nini tangu Ijumaa?" akauliza.

"Hakuna."

"Mmeongeza programu? Mmegusa mipangilio?"

"Hatujagusa kitu, dada."

Mgeni rasmi, hatukusema uongo. Hapa ndipo penye kosa letu, na tunadhani ni kosa ambalo watu wa kwingine wasingelifanya. Kwetu sisi kufagia si kugusa. Mtu akiulizwa amebadilisha nini nyumbani, hawezi kusema amefagia. Basi Princess alituamini, akaenda kutafuta ugonjwa kwingine, kwenye mtandao, kwenye mtambo mkuu, kwenye umeme wa Mwanza. Alihangaika kwa ajili yetu siku ile na iliyofuata, nasi tukihangaika naye.

Katikati ya mahangaiko, tukaita fundi kutoka Igoma. Ni fundi mzuri wa simu na kompyuta, hatumlaumu. Alisoma jina la sehemu iliyokosekana, akaitafuta mtandaoni, akaipata bure, akaibandika. Tukashangilia. Mfumo ukasema sehemu ipo lakini si toleo linalotakiwa. Akaleta nyingine. Mfumo ukataka sehemu ya pili ambayo haikuwa imedaiwa kabla. Ikawa kama mgeni anayeomba chumvi, ukimpa chumvi anauliza mchuzi uko wapi. Mwisho kinga ya virusi ikaanza kupiga kelele, fundi akafunga mkoba wake taratibu, akasema, "Hapa nikiendelea nitawazika."

Tukataka kuuweka mfumo upya wote. Ukadai namba ya leseni. Namba ya leseni haiko Mwanza. Wala mamlaka ya kuiomba hayako Mwanza. Anayo Meneja, na Meneja alikuwa kikaoni Dodoma, simu zimekusanywa mlangoni.

Kompyuta ya chumba cha mapokezi, ambayo haikufagiliwa, ilifungua mfumo bila shida. Lakini ile ina ruhusa ya kupokea dawa tu. Kutoa haiwezi. Tulikuwa tunaweza kuingiza dawa ghalani, hatuwezi kutoa hata panadoli.

YALIYOMPATA MWENZETU

Jumanne mchana simu ya ghala ililia. Achola aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye maboksi. Alikuwa Sista Adoyo wa Zahanati ya Lugongo, ng'ambo, mbele ya Kamanga.

"Dada Achola, shikamoo."

"Marahaba, Sista. Mvua huko?"

"Mvua na mbu. Dada, sindano za malaria kali zimeniishia. Nina watoto wawili wamelala, wa tatu yuko mlangoni na bibi yake, anatetemeka mpaka kiti kinagonga ukuta. Ombi langu mlilipata?"

"Nimelipata tangu Ijumaa. Mfumo umegoma."

"Umegoma nini? Unadai mshahara?"

Tulicheka, Mgeni rasmi. Utani ulikuwa mzuri na tulikuwa tumechoka. Achola hakucheka. Alikuwa anaangalia mlangoni.

Maboksi ya Lugongo yalikuwa pale mlangoni. Alikuwa ameyapanga na kuyafunga gundi tangu Ijumaa, yakingoja hati tu, yamekaa kama abiria aliyewahi stendi. Dawa ilikuwepo, gari lilikuwepo, dereva alikuwepo, kivuko kilikuwa kinafanya kazi. Kilichokosekana kilikuwa karatasi moja ambayo hakuna mashine iliyokuwa tayari kuichapa.

Achola alimpigia Meneja. Hakupatikana. Akampigia Princess, akaambiwa wanaendelea kutafuta. Akarudi akasimama chini ya ile kanuni ya ukutani. Yeye ndiye aliyeibandika. Alipanda kiti siku ile, nasi tukimwambia inainama kushoto. Baadaye alituambia kwamba aliposimama pale hakuwaza watoto, kama tulivyodhani. Aliwaza kanuni. Alijiuliza nani alikuwa machoni pa walioiandika, na akaona ni mwizi. Walimwona mwizi, wakamwekea kufuli, wakafanya vizuri. Hawakumwona Sista Adoyo amesimama na simu, na mfumo umelala. Akasema moyoni, hawa wakiniona hapa wataniambia nini? Na bibi wa yule mtoto bado alikuwa mlangoni.

Akabeba boksi la kwanza.

"Dada," akasema Obedi, "hati iko wapi?"

"Leo hati ni mimi."

"Wewe huna muhuri."

"Obedi, washa gari."

Aliwasha. Achola alituita tuje tushuhudie, akataja kwa sauti kila boksi lililokuwa likipanda, na sisi tukaitikia kama kwenye ibada. Hakuna aliyejificha. Gari likaondoka kuelekea Kamanga, na alasiri ile Sista Adoyo akapiga simu kusema imefika. Hakuna utani alioufanya safari hii. Alisema tu, "Imefika, dada," akakata kwa sababu alikuwa na kazi.

Siku iliyofuata ndipo Princess alipobadilisha swali. Tunadhani alikuwa amechoka kuuliza lile la kwanza.

"Sasa niambieni," akasema, "wiki iliyopita mlifanya nini, hata kama si kazi. Hata kama mlicheza mpira."

"Tulifanya usafi tu," akasema Obedi.

Sauti ya kuandika ikakoma.

"Usafi wa wapi, kaka?"

"Wa kila mahali. Mpaka kwenye kompyuta."

"Ooh," akasema Princess. Akaanza kucheka, akajizuia, akaomba radhi. "Mlitoa programu gani?"

Akatueleza, tukaelewa. Ile programu ya lebo na mfumo wetu vilikuwa kama wapangaji wawili wa nyumba moja wanaopikia jiko moja. Mpangaji mmoja amehama, nasi tumemfungashia na jiko, kumbe jiko lilikuwa la nyumba nzima. Ndiyo maana mapokezi, ambako hatukufagia, jiko lilikuwepo. Hakukuwa na haja ya kuweka mfumo wote upya, wala kuokota jiko barabarani kama alivyofanya fundi wetu. Princess alituagiza tuondoe kwanza vipande vyote tulivyobandika, kisha akatutumia kifurushi halisi cha watengenezaji chenye sehemu ile, cha toleo lile lile. Tukakiweka, tukawasha mashine upya. Mfumo ukafunguka. Baadhi yetu tulilia, na hatuoni aibu kulisema.

Achola hakulia. Alivuta kiti ili aiandikie Lugongo hati yake. Mfumo ukamkatalia, maana haupokei hati ya siku iliyopita, na hiyo pia ni kinga nzuri dhidi ya mwizi. Wakati huo hesabu ya mwezi ilikuwa imekwisha kufungwa yenyewe. Tulipoingiza hesabu ya rafu, mfumo ukaona sindano za malaria zimepungua na hati haipo. Ukaandika neno moja mbele ya jina la mtunza ghala, upotevu. Taarifa ikaja kwenu Bodi kama zinavyokuja zote, bila mkono wa mtu.

Mgeni rasmi, Bodi ilifanya kama Bodi inavyopaswa. Dada Achola alisimamishwa kazi kwa makosa mawili. La kwanza ni kutoa dawa kinyume cha kanuni, na la pili ni kuharibu mfumo, kwa kuwa programu ile iliondolewa kwa jina lake. Kikao cha kuamua kama atafukuzwa ni Jumanne ijayo, na utakiongoza wewe.

Kuhusu kosa la pili, tunasema hivi. Jina lililokuwa kwenye mashine ni lake kwa sababu kiti ni chake. Sauti zilizosema "ondoa" zilikuwa zetu, na tangazo lilikuwa la ofisi. Yeye peke yake ndiye aliyelisoma lile swali na kusita. Sisi tulimcheka kwa kusita.

Kuhusu kosa la kwanza, hatutakuambia kwamba hakuvunja kanuni. Aliivunja. Yeye mwenyewe atakuambia hivyo kabla hujamuuliza, tunamjua. Watoto watatu wa Lugongo wako nyumbani kwao, na Sista Adoyo amevuka leo asubuhi, ameketi safu ya nyuma pale, aliye na sweta la bluu. Alitaka kuja na mama zao. Tulimwambia ukumbi ni mdogo.

Lakini tulipokwenda kumtembelea Dada Achola nyumbani, hatukumkuta akisikitikia kazi. Alitupikia uji, akakaa, akainuka, akakaa tena. Akasema, "Na wale wa upande wa Magu?" Kulikuwa na zahanati nyingine iliyoomba sindano zile zile siku ile ile, Mgeni rasmi. Muuguzi wa kule ni mpole. Aliambiwa asubiri mfumo, akasema asante, akasubiri. Mtoto mmoja ilibidi akimbizwe hospitali kwa pikipiki, kwenye mvua. Alipona. Lakini Achola anasema, "Kama niliweza kuvunja kanuni kwa aliyepiga kelele, kwa nini sikuvunja kwa aliyenyamaza?" Tumerudi na swali hilo kazini na linatutembeza usiku na mchana. Hatudhani mwizi huuliza maswali ya namna hiyo.

MAOMBI

Tunaomba, Mgeni rasmi, kanuni ya ukutani iongezewe mstari wa pili. Tunataka uandikwe utaratibu wa siku mfumo ukilala: nani atoe ruhusa kwa mdomo, mashahidi wawe akina nani, na hati iingizwe vipi mfumo ukiamka. Tusimwachie mtu mmoja asimame peke yake chini ya kanuni akitafuta jibu. Leo toleo jipya linazinduliwa na tunalipenda, lakini nalo litakuwa na wapangaji wenzake ndani ya mashine, na iko siku litalala.

Tunaomba pia vifurushi halisi vya mfumo vihifadhiwe hapa Mwanza, na mtu mmoja wa hapa apewe namba na mamlaka ya kuvitumia. Na kompyuta zisifagiliwe tena bila kumuuliza mwenye mfumo. Hili la mwisho tumeshaanza wenyewe. Sasa Princess akituuliza tumebadilisha nini, tunamtajia mpaka kalenda tuliyogeuza ukutani. Anatuambia inatosha.

Ombi letu kubwa unalijua. Tunaomba Dada Achola arudi kazini, na neno upotevu liondolewe mbele ya jina lake. Kama kuna onyo, atalipokea. Kama ni la kugawana, tuko wengi, tugawieni.

Tunajua huwezi kutujibu leo. Kikao kipo, taratibu zipo, na sisi tunaokuomba utaratibu wa mfumo hatuwezi kukuomba uvunje wa kwako. Lakini kuna jambo moja dogo ambalo halihitaji kikao.

Ukitoka ukumbini kwenda kukata utepe, utaona geti upande wako wa kulia. Nje ya geti amesimama mwanamke aliyevaa kitenge kama hiki tulichovaa sisi. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kumpima kabla hajasimamishwa, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia asikichukue. Amri inasema asikanyage ndani ya uzio mpaka Jumanne, naye hajakanyaga. Asubuhi tulipokuwa tunaingia, mmoja wetu alitaka kumvuta mkono. Akaurudisha nyuma. "Acheni. Mimi na kanuni tumeshagombana mara moja," akasema. "Nimekuja kusikia makofi tu. Nendeni, na msinitazame wakati wa kusoma, mtalia, spika zitaharibika."

Mgeni rasmi, wewe hakuna amri inayokuzuia kusogea mpaka getini. Ukisogea, atapiga goti kidogo kama walivyomlea, na atakuamkia yeye kwanza. Hatuombi umwambie lolote kuhusu Jumanne. Tunaomba umwitikie marahaba, kwa sauti ambayo na sisi tutaisikia tukiwa huku. Kwa leo itatutosha.

Mungu akupe afya na moyo wa kusikia. Awalinde walio majini na walio zamu katika zahanati zetu zote, wanaopiga kelele na wanaonyamaza.

Ni sisi wafanyakazi wa Bohari ya Zahanati za Ziwa, Nyakato, Mwanza.